Ufa Nyuma ya Nyumba

Mvua ilikuwa imenyesha Rhotia wiki nzima Hyasinta alipouona ufa kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Udongo wa juu ulikuwa umelowa chepechepe, na chini yake kulikuwa na mwamba unaoteleza. Kwa mwinuko mkali namna ile, udongo huo usingekaa.

"Mama, twende tukajihifadhi kanisani," alimwambia mama mkwe wake.

"Kaburi la mwanangu nimwachie nani?"

Hyasinta, mjane wa huyo mwana, Yohani, alichuchumaa mbele yake. Alimbeba mgongoni hadi kanisani. Adhuhuri mteremko uliporomoka, ukafunika nyumba na kaburi.

Hyasinta alipoliona lile tope, alilia. Mama mkwe akamshika mkono.

"Nyamaza, mwanangu. Yohani amelala palepale. Sisi ndio tumehama."