Mafuta Yasiyosikia Njaa

...na kama angejua ataambiwa apandishe gauni angevaa ile suruali pana, lakini sasa ndiyo hivyo, amesimama juu ya kigoda katikati ya chumba, pindo kalishika kwa mikono miwili kama mtu anayevuka dimbwi, na daktari, binti wa umri wa kumzaa, kapiga magoti na futi ya kupimia, futi, yeye ambaye miaka ishirini anawapima watu viuno na nyonga kwenye chumba chake cha kushonea, na daktari anataja namba, muuguzi anaandika, kifundo, goti, paja, wasizitaje kwa sauti jamani, mlango haujafungwa vizuri... alikuja kwa sababu ya magoti yanayouma, akajiandaa kusikia yale yale, punguza kula, tembea, ukweli hakuna aliyewahi kuusadiki, kwamba mwaka jana aliacha chakula cha jioni miezi minane, uso ukasinyaa, kifua kikaisha, wateja wakauliza kama anaumwa, na miguu ikabaki vile vile kama si yake... “Nikibonyeza hapa, mama, panauma?” Panauma, lini hapajauma, mtu akimwegemea tu anashtuka, na yale mabaka ya damu kuvilia, asiyojua kajigonga wapi, alidhani mapaja yote ndivyo yalivyo, na daktari anagusa kifundo, anasema tazama, mafuta yanakoma hapa ghafla, kama suruali yenye mpira mguuni, unyayo umebaki mwembamba, na miguu yote miwili iko sawasawa, huu si ulafi, ni ugonjwa wa mafuta ya chini ya ngozi, unaitwa lipedema, hauishi lakini unatulizwa, kwa soksi za kubana, kwa mazoezi ya majini, kujinyima kula hakuugusi... si ulafi, anataka daktari aseme tena, polepole... ilianza lini, daktari anauliza, alipovunja ungo, anajibu, na nyumbani kuna mwingine? Marehemu mama, aliyefunika miguu kwa shuka hata wakati wa joto, na yeye kijana akimwonea haya, akimtangulia njiani hatua kumi wasionekane pamoja, Mungu amsamehe... na baada yako wewe, mama, yupo? na hapo anamwona binti yake, jana tu, mezani, mkono ukienda kwenye sufuria kuongeza, na yeye akaivuta sufuria, akasema mbele ya kaka zake kwamba atatoka na miguu kama ya mama yake, na nani atamtazama, na mtoto akaenda kuosha sahani, na juzi alimkuta na mabaka yale yale juu ya goti akamwita mzembe, na sketi ya shule kaifumua mara mbili mwaka huu, nyonga tu, kiuno kile kile, fundi mzima, vipimo kaviandika kwa mkono wake, na hakuona, aliona sahani, hakumwona mtoto... muuguzi kasimamisha kalamu, futi bado imezunguka paja, na aibu ipo, nzito kama alivyoingia nayo, ila imehama miguuni, imepanda, imekaa kifuani, na huko hakuna gauni la kuifunika, na anaisikia sauti yake, ndogo, ikitoka yenyewe, “Binti yangu. Ana miaka kumi na minne. Nimekuwa nikimnyima chakula.”