Barua Isiyojua Kujisifu

Barua ya kwanza ya Kalolaine ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini ilikuwa na kurasa mbili, na katika kurasa hizo zote hapakuwa na neno moja jema juu ya Kalolaine. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu: heshima kwa meneja wa maabara ya maji kule Auckland, heshima kwa waliomzaa meneja, heshima kwa kila atakayeishika karatasi. Wa pili ulikuwa wa kuomba radhi. "Mimi ni mtu wa chini, sijui kitu, alama zangu ni za kubahatisha, na barua hii duni haistahili meza yenu." Alama zenyewe, jamani, zilimfanya wa kwanza darasani katika kemia!

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Walimshukuru kwa kusema kweli, na kwa kuwa mwenyewe amekiri kwamba hajui kitu, wamechagua wengine. Kalo alilia siku mbili chini ya shuka, akimdanganya mama yake kwamba ana mafua.

Hayo yalikuwa ya mwaka jana. Mwaka huu nafasi ikatangazwa tena, miezi mitatu ya kupima maji, na ni ya wanafunzi tu. Novemba Kalo anamaliza chuo. Akiikosa hii, ndiyo basi tena.

Alhamisi akampelekea rasimu mpya Mwalimu Siosaia, anayewasaidia wanafunzi barua za kazi pale chuoni Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vya Tonga. Ni mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo hakucheka.

"Kalo, umeandika tena hotuba ya mazishi."

"Nimepunguza salamu, Mwalimu."

"Umepunguza salamu, umeongeza radhi! Sikiliza. Mgeni akija kwenu mnamwambia chakula ni kibaya, mtuvumilie, na huku mmemchinjia nguruwe watatu. Mtonga mwenzako anajua hiyo ni heshima, anakaa anakula. Huyu wa Auckland ukimwambia chakula kibaya, hafunui hata sufuria. Anakwenda kula kwa jirani."

"Sasa niandike nini?"

"Ulichofanya kwa mkono wako. Ni kiasi gani, na kilimsaidia nani. Ukurasa mmoja. Na hii CV yako, hapa kwenye uzoefu umeandika 'hakuna'. Hujawahi kupima maji popote, hata ya kisima?"

Kalo akaangalia viatu vyake. "Kijijini tu. Mwaka wa majivu. Lakini ile haikuwa kazi, Mwalimu. Nilikuwa nasaidia."

Mwalimu Siosaia alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Nenda nyumbani kaandike hiyo. Wanafunga kesho saa kumi jioni, usije ukanichezea."

Ijumaa mchana Kalo alikuwa mezani kwao, kijijini Folaha, na kompyuta ya kuazima, na baba yake, Semisi, amesimama nyuma yake anasoma. Semisi ni matapule, msemaji wa chifu. Kwenye harusi na misiba ndiye anayemsemea chifu, na anaweza kumsifu mtu nusu saa nzima bila kumeza mate. Alikuwa anafuatisha maneno kwa kidole, na kidole kikawa kinakwenda polepole.

"Nilipima. Niligundua. Niliongoza. Nili, nili, nili! Kalo, nani kakufundisha kuongea hivi?"

"Mwalimu, Baba."

"Lakini watu wataisoma hii!"

"Si ndiyo kazi ya barua?" Lilimtoka tu. Akainamisha kichwa haraka.

"Unajidai," alisema Semisi, na hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kwa Mtonga afadhali kofi kuliko neno hilo. Akaanza kufuta. "Niliongoza" ikaondoka. "Niligundua" ikaondoka. Ikabaki "nilisaidia nyumba kadhaa", na radhi ikarudi mahali pake pa juu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa.

Hapo ndipo Shangazi Vika, dada yake Semisi, alipoingia na bakuli la majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Semisi alishuka mara moja akakaa mkekani, maana kwa desturi yao kaka hakai juu ya dada yake. Shangazi hakumtazama. Alimtazama Kalo machoni.

"Nani kamliza huyu?"

Kalo akajifuta macho.

"Nisomee hiyo barua."

Kalo akasoma. Alipofika kwenye nyumba kadhaa, Shangazi alitua bakuli kwa kishindo.

"Kadhaa? Kadhaa ndiyo nini? Mjukuu wangu hakuharisha hata siku moja mwaka ule, kwa sababu ya kadhaa?"

"Dada," Semisi alisema kwa upole, "mtoto hawezi kujisemea mwenyewe. Ni aibu."

"Kweli kabisa. Na chifu, huwa anajisemea?"

"Hapana. Mimi namsemea."

"Haya. Msemee na huyu."

Semisi akainua kichwa. "Binti yangu mwenyewe?"

"Kavae, Semisi. Muda unakwenda."

Dada akishasema, kaka hana la kujibu. Semisi alikwenda chumbani, akarudi amejifunga kiunoni mkeka anaouvaa kila anapomsemea chifu. Akakaa, akakunja miguu, akakohoa, akaanza kutoa heshima kwa watu wa Auckland na wazee wao wote.

"Hayo usiandike," Shangazi akamwambia Kalo, na Kalo akacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha sauti ya Semisi ikatulia, ikawa ile inayonyamazisha watu uwanjani. "Majivu ya volkano yalipoanguka, matangi yetu yote yaligeuka meusi. Binti huyu aliomba vipimo shuleni kwake, akapita nyumba kwa nyumba. Tangi salama alilifunga kitambaa cheupe, lenye madhara chekundu. Alikata mwenyewe mabomba ya kuteremsha maji ya paa, majivu yasizidi kuingia. Aliandika yote kwenye daftari. Siku kumi na moja. Nyumba sitini na tatu."

"Sitini, Baba," Kalo alisema bila kuinua macho. "Kwenye daftari ni sitini."

"Sitini na tatu. Siku ya mwisho ulikwenda mpaka kwa wale wazee watatu wa ufukweni. Hukuwaandika, kalamu yako iliisha wino."

Vidole vya Kalo vikasimama. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. "Umejuaje?"

Semisi alianza kuuweka sawa mkeka kiunoni, ingawa haukuwa umelegea. Ile sauti ya uwanjani ikamkimbia.

"Nilikuwa nyuma yako. Siku zote kumi na moja. Watu walikuwa bado wanaogopa mawimbi yaliyokuja na volkano, na wewe hukusikia la mtu. Nikawa natembea kwa mbali, usinione."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ingekuwa kukusifu," alisema baba yake.

Kalo alipeleka mkono kwenye macho, akajifuta, akaandika: nyumba sitini na tatu. Barua iliondoka saa kumi kasoro dakika nane, ukurasa mmoja, bila radhi hata moja.

Wiki iliyofuata meneja, mama mmoja mwenye miwani, alimhoji kwa video ofisini kwa Mwalimu Siosaia. "Hii kazi uliifanya peke yako?" Kalo alihisi maneno ya zamani yanapanda kooni, sijui kitu, ilikuwa bahati tu. Akayameza.

"Vipimo, daftari na mabomba, ni mimi," alisema. "Njiani nilikuwa na baba yangu, ila sikujua."

Yule mama alivua miwani, akamwuliza anaweza kuanza lini.

Jumamosi wanaume walikusanyika kwa Semisi kunywa kava, kile kinywaji chao cha mizizi, na Kalo akapita uani na ndoo wakati jirani mmoja anauliza kama ni kweli binti amepata ile nafasi.

"Amebahatisha tu," Semisi alijibu. "Huyo hajui kitu. Wamemhurumia." Akapokea kikombe chake cha kava, akanywa chote, akapiga makofi kama ilivyo desturi. "Nyumba sitini na tatu tu."