Disketi Mbili Kibondo, Mbili Kasulu

Balaa lote lilianzia kwenye saini. Mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na nane, printa mpya ilipoletwa Kibondo kwenye ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana, Immakulata aliandika kwenye karatasi ya stoo "imepokelewa kamili" bila hata kuchungulia ndani ya bahasha iliyokuja nayo. Alipoifungua alikuta disketi mbili. Moja imeandikwa moja kati ya nne, nyingine mbili kati ya nne. Kompyuta ikaisoma ya kwanza, ikaisoma ya pili, kisha ikaomba ya tatu. Bila programu iliyogawanywa kwenye disketi zile nne, kompyuta na printa zilikaa meza moja kama watu waliokosana, hazisemezani.

Mtu mwenye akili timamu angesema siku ileile. Immakulata akanyamaza. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, wa kambi ya Mtendeli, na kazi aliipata kwa kusema kwamba amesoma kompyuta Bujumbura. Alisoma kweli, wiki tatu. Aliwasikia kabisa watakavyosema: kasaini kamili, disketi hazipo, basi kaziuza. Na kazi ikienda, majina nayo yanaenda. Kila orodha ya watoto wanaotafutwa ilipita mikononi mwake, na kila mara aliandika mwenyewe jina la mdogo wake, Kipriani Ndayikunda, aliyemponyoka mkononi siku ya kuvuka mpaka, miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka tisa.

Basi kwa miezi miwili akamdanganya mkuu wake, Bwana Pasikali. Leo wino umekauka, kesho jenereta inasumbua. Akisikia viatu vyake kwenye korido, alijifanya anaikagua printa.

Jumatano moja ya mwezi wa tano viatu vilisimama mlangoni.

"Immakulata, gari la kwenda mpakani Manyovu linaondoka kesho saa moja. Orodha ipo?"

"Iko, patron," alijibu, akimwita bosi kwa Kifaransa cha Bujumbura. "Inabaki kuchapa."

"Ichape leo. Wenzetu wa ng'ambo hawapokei ya mkono, na gari lingine ni mwezi wa nane."

Mashine ya zamani ya kupiga chapa ilishapelekwa shule ya kambini. Mwezi wa nane. Aliwaza miezi mitatu mingine ya Kipriani kukaa mahali asipopajua, kama bado yuko mahali, na woga wa kufukuzwa kazi ukawa mdogo kuliko woga huo. Akainuka, akaenda stoo.

Mzee Athuman, mtunza stoo, amegawa mahindi na maharage tangu wakimbizi wa kwanza walipoingia. Kwake yeye kitu kikiwajia watu wawili kinakatwa katikati, mjadala hakuna.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka?"

"Ile bahasha ya printa. Disketi zilikuwa ngapi?"

"Nne. Zilikuja printa mbili na bahasha moja. Nikatoa mbili kwako, mbili nikapeleka ofisi ya Kasulu pamoja na printa yao. Mimi sipendelei mtu."

Immakulata alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kukaa juu ya gunia. Siku zote hizo alijiona mwizi wa kitu ambacho hakikuibwa.

Alimweleza Bwana Pasikali yote kwa pumzi moja, macho yakiwa sakafuni.

"Miezi miwili?"

"Ego, patron," aliitikia ndiyo kwa Kirundi.

Bwana Pasikali hakumfokea, na hilo lilimwumiza zaidi. Alisema tu kwamba gari linapitia Kasulu, apande nalo akachapie huko, na kwamba halitamsubiri zaidi ya saa moja, kwa sababu mpaka unafungwa saa kumi.

Njia nzima alizikumbatia disketi ndani ya khanga kwa hofu ya vumbi: zile mbili, na nyingine aliyonakilia orodha. Gari likiruka kwenye shimo, anazipapasa. Likipunguza mwendo, anaangalia saa ya dereva.

Karani wa Kasulu, Lukmani, alipoona alichobeba alifunga mlango kwanza.

"Dada, usiniambie ni ya kwanza na ya pili."

"Ndizo."

Naye alisaini kamili. Naye alidanganya miezi miwili, tena uongo uleule wa wino. Hawakuwa na muda wa kuchekana. Wakaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kompyuta ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Nje dereva akapiga honi. Kisha kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika.

"Tujaribu kwanza na orodha yangu, iko wazi hapa," Lukmani alisema. "Watoto tuliowaandikisha kambi ya Mtabila."

Printa ikaanza kulia, karatasi ikapanda. Immakulata aliyasoma majina kwa mazoea ya kazi tu, sikio likiwa kwenye honi. Kwenye mstari wa kumi na moja jicho lilikwama. Kipriani Ndayikunda, miaka kumi na mmoja. Anamtafuta dada yake, Immakulata. Ameandikishwa tarehe ishirini, mwezi wa tatu.

"Mtabila ni mbali?"

"Kwa gari hata saa moja haifiki. Kuna nini?"

Aliweka kidole kwenye mstari ule. Yuko hai, alijiambia, yuko hai. Halafu akaiona ile tarehe. Siku hamsini jina lile limekaa ndani ya kompyuta hii likisubiri kutoka, na nusu ya kilichotakiwa kulitoa ilikuwa kwenye droo yake Kibondo, ameifungia kwa ufunguo. Printa haikusimama. Chini ya Kipriani walikuja watoto wengine, ukurasa wa pili, wa tatu, kila mmoja na mtu anayemtafuta.

"Leta yako, dada. Dereva anaondoka."

Aliiweka. Majina mia nne yakatoka, na la Kipriani lilipofika alilikata kwa kalamu, mstari mmoja. Kisha akazichukua zile kurasa za Mtabila na kuanza kuzihesabu, akimwomba Mungu amsamehe kwa hao wengine waliosubiri siku zote hizo kwa sababu ya ukimya wake.