Tiketi ya Sifuri

Abiria wananiita Chapchap, na jina hilo nimelifanyia kazi. Miaka kumi na tisa nimekuwa kondakta wa basi la vijijini, lile linaloondoka mwisho wa lami saa kumi na mbili asubuhi na kurudi alasiri likiwa na vumbi mpaka kwenye usukani. Magoti yamekwisha. Mgongo nao una siku zake.

Basi letu haliwezi kujilipia hata dizeli. Linatembea kwa ruzuku ya serikali, na ruzuku inafuata tiketi: kila tiketi inayotoka kwenye mashine yangu inahesabiwa makao makuu kuwa mtu mmoja. Wazee na wagonjwa hawalipi nauli, lakini nao ni lazima wakatiwe tiketi ya sifuri. Hapo ndipo penye kazi. Tiketi ya sifuri inataka namba ya kitambulisho, tarakimu kumi na nne, na kitambulisho cha mzee kimefungwa kwenye leso, leso iko ndani ya mkoba, na mkoba umekaliwa. Mtu mmoja dakika tatu! Nikaona upuuzi. Mtu halipi, tiketi ya nini? Nikawa nawaambia, "Pita, mama, kaa. Pita, mzee." Wakaniombea dua, nami nikavimba kichwa.

Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Figo zimemchoka, mara tatu kwa wiki huenda hospitali ya mjini kusafishwa damu. Pikipiki hawezi kuikalia, na gari la kukodi lingetumaliza. Basi likikatika, hana njia nyingine.

Mwezi wa sita ikaja barua. Dereva aliisoma kwa sauti kabla hatujaondoka: kwa kuwa safari ya asubuhi hubeba wastani wa abiria tisa, ruzuku itasitishwa mwisho wa mwezi.

"Tisa?" Dereva aligeuka nyuma. Watu walikuwa wamesimama mpaka mlangoni. "Hawa kuhesabu wamefundishwa na nani?"

Basi zima likalipuka. Mwalimu mmoja mstaafu akasema huo ni wizi wa mchana kweupe. Dada akasema Chapchap aende akawaeleze, maana yeye ndiye anayetujua mmoja mmoja. Wote wakaitikia. Mimi nikashika bomba la juu, nikatazama dirishani. Nilishawajua hao tisa. Ni wale waliolipa.

Kesho yake nikaenda kwa afisa wa usafiri, mwanamke wa makamo, mafaili yamemfika kidevuni, macho mekundu kwa uchovu. Nikamweleza yote. Hakufoka. Heri angefoka.

"Muda gani sasa?"

"Tangu mashine zije. Miaka minne."

"Mzee wangu, kwetu sisi hao watu hawajawahi kupanda basi." Akajikuna paji la uso. "Naweza kuomba hesabu mpya, ya wiki mbili. Lakini wataniuliza sababu, na sababu ni wewe. Kubeba abiria bila tiketi ni kufukuzwa. Hilo siwezi kulipindisha."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Najua. Faili lako hili hapa."

Akanisogezea karatasi na kalamu, akaendelea na kazi zake. Nilimfikiria dada. Nilifikiria na kiinua mgongo changu, nisiseme uongo, tena kwa muda mrefu zaidi. Mwisho nikaandika yote niliyofanya, nikatia sahihi.

Akaletwa kondakta mpya, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu. Kila dada akirudi ni malalamiko: huyu mama anakagua vitambulisho mpaka vya vikongwe, basi linachelewa, watu wanasema kondakta wetu alikuwa na utu. Mimi nilimwambia nimepewa likizo. Niliona aibu, basi.

Hesabu ilipokwisha, dada alirudi kutoka hospitali akakaa bila kuvua viatu. Tangazo limebandikwa kituoni, alisema. Wastani ni abiria arobaini na mmoja. Ruzuku imebaki.

"Afadhali," nikasema.

"Yule mama ameniambia kwa nini walimleta."

Nikainama kumvua viatu.

"Miaka minne, mdogo wangu. Kila nikishuka nilikuwa nakuombea heri."

"Nilidhani nawasaidia."

"Ulikuwa unajipunguzia kazi." Hakuwa na hasira, siku za hospitali hana nguvu za kukasirika. "Wenzangu wanakuchangia pesa. Wanadhani umefukuzwa kwa kuwatetea. Mwalimu amenipa bahasha nikuletee, nimeikataa. Nenda mwenyewe ukawaambie."

Safari yake iliyofuata nilimsindikiza, nikambebea mkoba, nikapanda nyuma yake. Waliponiona wakapiga makofi, na mwalimu akasimama kunipisha kiti cha mbele. Ilinibidi ningoje wanyamaze ndipo niwaambie.