Diski ya Saba

Diski zote sita nilizivunja kwa nyundo, mchana kweupe, mbele ya watu. Nilizipanga juu ya jiwe la kizingiti nikazipiga moja moja mpaka sahani zake za ndani zikapinda kama vifuniko vya soda. Kinyozi wa mlango wa pili alimwacha mteja na nusu ya kichwa akaja kutazama.

“Mzee, hizo zimekukosea nini?”

“Zinajua mambo ya watu.”

“Basi na mimi nipige. Najua mengi kuliko hizo.”

Watu wakacheka. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukaniita Nyundo, na sikuchukia.

Kazi yangu ni kuchapa. Kibanda changu kinatazamana na mahakama. Anayegombea shamba, anayeandika wosia, anayetaka talaka, wote hukaa kwenye kiti kimoja wakanisimulia, nami nikachapa. Shule niliiacha mapema, lakini sheria moja sikuhitaji kufundishwa: la mteja halitoki. Kwa hiyo nilipopata kompyuta mpya, na Mama Mlezi wa kituo cha vijana kilichoko upande wa pili wa mji akaniomba zile kuukuu wajifunzie, nilimwambia atazipata bila diski. Kufuta peke yake ni kujidanganya. Kilichofutwa, mwenye ujuzi anakifufua. Yeye atafute diski nyingine.

Kompyuta sita, diski sita. Nikajiona nimemaliza.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Mama Mlezi akanipigia simu.

“Kaka, asante sana. Vijana wanachapa mpaka vidole vinawauma. Na umefanya la maana kutuachia zile barua za mfano.”

“Barua gani?”

“Hizi zilizomo humu. Umeziandika vizuri, jamani. Sikiliza: ‘Mimi mwombaji, nikiwa na akili timamu, naapa na kueleza kwamba mjibu maombi ni mume wangu wa ndoa…’”

Maneno yalikuwa yangu. Kila kiapo naanza hivyo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

“Mama, acha kusoma! Hiyo imetoka wapi?”

“Kwenye kompyuta hii yenye kibandiko cha ua.”

“Hiyo haina diski. Niliivunja kwa mkono wangu.”

“Inayo, kaka. Fundi umeme wetu alipokuwa anaweka diski mpya alikuta nyingine chini. Akasema, huyu mzee kweli ana roho nzuri, ametupa na nyongeza.”

Nilimwomba aizime, asiiguse mtu, nakuja. Kisha nikampigia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye alikuwa akinitengenezea zile mashine.

“Ile ya kibandiko cha ua, iliyokaa dirishani, ina diski ngapi?”

“Mbili, shemeji. Ya pili iko chini, nyuma ya feni. Si niliifunga mwaka ule umeme ulipokatika ukapoteza wosia wa yule mzee? Kila jioni kazi za mashine zote zinajinakili humo zenyewe.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikwambia. Ukasema, usinichoshe, funga twende tukale.”

Ni kweli. Ndivyo ninavyosema.

Kwa hiyo miaka minne mashine tano zilikuwa zinaimiminia ya sita kila kitu, na mimi sina habari. Nilihesabu mashine, sikuhesabu diski. Nilivunja sita hadharani nikapigiwa makofi, ya saba nikaifunga kamba kwa mikono yangu na kuipakia kwenye gari.

Nilifunga kibanda. Kinyozi akapaza sauti, “Nyundo, umefukuzwa na nani?” Nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona.

Njia nzima nilikuwa nikimwaza mteja mmoja. Majina ya watu sikuyaweka kwenye vichwa vya mafaili. Niliyaita kwa kazi zao, nikidhani nimewaficha: Muuza Mkaa, Mwalimu wa Miwani, Mshonaji. Huyu Mshonaji alikuja miezi minane nyuma, na mtoto wa kike wa miaka kama sita. Mkono wa kushoto aliuficha ndani ya mtandio. Alipoutoa, niliona alama ya pasi, nzima nzima, mpaka ile ncha yake. Alikuwa amemkimbia mumewe na alitaka mahakama imzuie yule mwanamume asimsogelee.

Alinieleza sura ya mumewe ili mpeleka hati amtambue: mrefu, sauti ya pole, kidole cha shahada cha mkono wa kulia hana. Karani wa mahakama akataka pia mahali anapoishi mwombaji, kwenye karatasi ya peke yake, ya karani tu. Akasita.

“Kaka, hii haitamfikia?”

“Moja ya karani, moja yako,” nikamwambia. “Hapa kwangu ni kaburi.”

Akanitajia, nikachapa: nyuma ya mashine ya kusaga, ua wa mabati, mlango wa bluu.

Kituoni nilimkuta Mama Mlezi kwenye ngazi, mikono kichwani. Alikuwa ameshaelewa. Akanipeleka kwenye chumba cha kompyuta. Vijana walikuwa wametolewa nje, ila kulikuwa na mtu mmoja amepiga magoti chini ya meza, anakaza soketi.

“Ndiye fundi wetu,” akasema Mama Mlezi. “Ana mwezi mmoja tu hapa, lakini bila yeye tungekuwa gizani.”

Mtu akainuka. Mrefu. Akajifuta mkono kwenye suruali, akanipa.

“Shikamoo, mzee. Ndiye wewe mwenye zawadi?”

Sauti ya pole. Nikaupokea mkono wake, na mahali ambapo kidole cha shahada kilipaswa kunigusa, pakawa hapana kitu.

Niliuachia ule mkono kama nimeshika waya wenye umeme.

“Unachapa vizuri,” akasema. “Nimesoma kazi zako mbili tatu. Watu wana mambo!”

“Zipi?”

“Ah, mzee. Ya kupitisha muda tu.”

Akaokota bisibisi zake taratibu, akamwambia Mama Mlezi kuna waya wa kununua dukani, akatoka. Niliiwasha kompyuta. Mashine hizi huweka orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Nilitegemea kukuta mengi, ya Mama Mlezi, ya vijana. Yalikuwapo manne. La juu kabisa lilikuwa kile kiapo alichonisomea Mama Mlezi; la pili, lililofunguliwa asubuhi ile ile kabla sijapigiwa simu, lilikuwa Mshonaji, karatasi ya karani.

“Mama,” nikasema, “huyu fundi wako ana mke?”

“Alisema ameibiwa mke na mtoto. Tulimwonea huruma.”

Nikaing'oa ile diski, nikaitia mfukoni ikiwa bado na joto, nikamwambia Mama Mlezi apige simu polisi na kwa karani, mwenye anwani ya Mshonaji, sasa hivi, ataje jina la fundi wake. Mimi nikakimbilia pikipiki.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, mtoto anapanga vifungo sakafuni. Aliponiona akatabasamu.

“Kaka wa mahakamani! Karibu. Leo umepotea njia?”

Sijui kuzungusha maneno. “Mumeo anajua unapokaa. Amesoma kwenye kompyuta yangu niliyoitoa sadaka. Kosa ni langu. Ondoka sasa.”

Pini zikamdondoka moja moja. Hakulia, hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

“Ulisema ni kaburi.”

“Nilisema.”

“Na mimi nikaamini. Watu wazima tunaamini vitu!”

Kisha akasimama, na kuanzia hapo mikono yake haikutulia. Alifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza kwa dakika moja, akakifunga kwa shuka, akatia nguo za mtoto kwenye mfuko. Mwenye mashine ya kusaga, jirani yake, akasimamisha kazi na kutoa gari lake la unga pamoja na dereva wake. Nilibeba cherehani nikaipandisha. Mtoto akaniuliza kama vifungo vinakuja pia, nikarudi ndani kuviokota vyote.

“Unaelekea wapi?” nilimuuliza kupitia dirisha la gari. “Nikijua, nitamwambia karani.”

“Karani nitamwambia mwenyewe.” Akapandisha kioo mpaka kikabaki upenyo wa kidole. “Wewe usiniulize, kaka. Wewe si wa kuambiwa tena.”

Akamnong'oneza dereva. Gari likaondoka likiacha vumbi la unga.

Nilibaki mlangoni kama nimechapwa kibao. Miaka yote katika kazi hii sijawahi kuambiwa neno kama lile. Nikaingia kukusanya mabaki ya vitambaa, angalau chumba kisionekane kimekimbiwa. Sikumaliza.

“Hodi,” ikasema sauti ya pole.

Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati safi. Aliponiona, ile pole ikamtoka usoni.

“Mzee wa zawadi. Yuko wapi?”

“Sijui.”

“Wewe ndiye uliyeandika. Wewe huandika kila kitu.” Akaingia, akanikamata ukosi wa shati kwa vidole vyake vinne. “Yuko wapi?”

Nilimtazama machoni. Ulimi haukutetemeka, kwa sababu haukuwa na kitu cha kuficha.

“Sikuambiwa,” nikasema.

Akanitikisa, akaniuliza tena, na tena, nikampa jibu lile lile, mpaka nikasikia polisi wanamuuliza mwenye mashine ya kusaga mlango wa bluu ni upi. Mfukoni, ile diski ilikuwa imeshapoa.