Tela la Pili

Mimi ni fundi cherehani. Kuchomelea vyuma nilijifunza kwa kupenda tu, katika karakana ya misheni, na kupenda huko ndiko kulikoniponza.

Mwaka ule wa sabini na nne, siku moja kabla ya kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, balozi wetu wa nyumba kumi, Mayala, aliniletea matela mawili ya trekta yaliyokatika kulabu. Karakana ilijaa tumbaku ya ushirika, nikafanyia kazi uani. Bruda wa misheni aliyenifundisha alikwisha kunionya: vijiti vya kuchomelea vimepakwa dawa inayolinda chuma, hata nje vinashika; lakini waya wa mashine unalindwa na gesi ya mtungi, na upepo ukiipeperusha, hewa inaingia na chuma kinakuwa na matundu ndani. Vijiti nilikuwa navyo. Lakini waya unatoa mshono mzuri, na watu walikuwa wananitazama.

Tela la kwanza nililimaliza asubuhi, kukiwa kumetulia. La pili nililichomea mchana, upepo ukivuma, mshono ukaota vitundu. Nikavisawazisha kwa tupa, nikayapaka rangi matela yote mawili, nikanyamaza.

Kulipokucha niliwapandisha wanangu, Bernardo na Eustadia, kwenye tela lililokuwa karibu na kisima, pale nilipoliacha lile zima. Trekta lake likatangulia. Mimi nikapanda lile jingine, lililovutwa na trekta la pili, pamoja na Mayala, mama mkwe na wazee. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, niliinama kuichungulia kulabu. Kusema kulikuwa hatari. Aliyechelewesha uhamisho aliitwa mpinga kijiji. Lakini mbele kulikuwa na mteremko wa korongo, nikaogopa zaidi kunyamaza.

Nikampigia kelele dereva. "Anton, simamisha. Kulabu hii ni mbovu. Niliiharibu mimi."

Tukashuka wote. Mayala hakunigombeza. Alichukua nyundo akaigonga kulabu mara saba, haikutikisika. Akakwangua rangi. Mshono ulikuwa safi, hauna hata kitundu kimoja. Wazee wakaanza kucheka, mama mkwe akaniita mwoga.

Nikamuuliza Anton kama kuna mtu aliyeyahamisha matela.

"Tuliyabadilisha nafasi jana jioni, Mama Bernardo," alisema. "Tulitaka kusogeza trekta kisimani, tuteke maji ya rejeta."

Mbele yetu, kwenye mteremko, vumbi la tela la wanangu lilikuwa bado halijatua. Nikakimbia nikiita majina yao, na trekta lao likawa linanguruma tu, linashuka.