Neno "Wangu" Nyumbani kwa Madam

Mama yeyote anayemfungia binti yake begi aje huku kulea watoto, asikie kwanza haya ya Truphena wangu. Sheria za kufua na kupika utaambiwa. Sheria za mdomo hakuna atakayekuambia.

Truphena alikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, akimlea Lulwa wa miaka miwili. Mimi niko Jeddah, Aziziya, kwa dada ya madam wake. Ndiye aliyeniomba nimtafutie ndugu yake mtu, nikamleta binti yangu. Madam wa Truphena alimkataza neno moja: asimwite mtoto "wangu", kwa Kiarabu wala kwa Kiswahili. Msichana aliyetangulia alilisema sana, hadi Lulwa akawa anamkimbilia yeye na kumwacha mamake, na madam akajifunza neno lenyewe ili alijue akilisikia. Likitoka, ni kurudishwa maktab, ile ofisi ya wakala, na likizo ya Idd imekwenda. Likizo hiyo ndiyo iliyokuwa inampa Truphena nguvu, amwone Ashley wake aliyemwacha ndio anaanza kutembea.

Siku moja madam wake akaja nao Jeddah kumtembelea dada yake. Jikoni nikamwuliza anaishije.

"Mama, hata kijiko naogopa kusema changu."

"Na tumbo likikuuma?"

"Nasema kuna tumbo linauma hapa."

Tukacheka, mikono mdomoni.

Siku ya pili Lulwa akakabwa na kokwa ya tende. Akabadilika rangi. Truphena akamwinamisha gotini, akampiga mgongoni huku akipiga kelele, "Toa, mtoto wangu! Toa!" Kokwa ikaruka, mtoto akalia, sote tukapumua. Madam hakupumua. Alimnyakua mtoto.

"Wangu?" akasema, kwa Kiswahili.

"Madam, alishtuka," nikaingilia. "Kwetu mtoto wa yeyote huitwa hivyo, hata wa jirani."

"Hapa si kwenu. Mara hii nimesamehe. Halas, yameisha."

Jioni Ashley akapiga video kwa simu ya dada yangu Selipher, anayemlea. Wana mchezo wao na mamake, usipochezwa haongei. Madam akaja kusimama mlangoni, Lulwa kiunoni.

"Mama! Mimi ni wa nani?"

Truphena akatazama mlango. "Wa nyanya Selipher."

"Aaa! Si hivyo! Mimi ni wa nani?"

"Wa Mungu."

Nikamkanyaga mguu aendelee hivyo hivyo. Ashley akaiweka simu chini, tukabaki tukiona mabati ya nyumba.

"Ashley," Truphena akaita. "Wangu. Wewe ni wangu."

"Wangu!" akadakia Lulwa pale mlangoni, akimnyooshea Truphena mikono, akitaka kujirusha.

Nikapiga magoti. "Madam, anaongea na mtoto wake wa kumzaa!"

Madam alikuwa anavutana na mikono ya Lulwa, mtoto akilia kumtaka Truphena. "Yalla, haraka," akamwambia Truphena. "Begi." Na simu akaichukua.

Dereva wao, Hezekiah, ndiye aliyempeleka maktab huko Riyadh. Aliniambia tu kwamba walifika, na kwamba simu ilibaki kwa madam. Idd imepita.

Siku hizi Ashley hunipigia mimi. Haulizi tena ni wa nani. Anauliza kama simu ya mama imeisha chaji. Namwambia iko kwa chaji.